Beetle, Datsun au Land Rover? Gharama za kuunda modeli ya plastiki ukiwa Handeni au Korogwe

Anayetaka kuunda modeli ya plastiki ya gari la zamani huanza kwa kuuliza bei ya seti. Ni swali la haki, ila gharama kubwa haiko hapo. Kinachokausha mfuko ni kuifikisha seti Korogwe, kisha rangi, gundi na vikorokoro ambavyo picha ya kwenye boksi haivionyeshi. Mtu wa Handeni anaongeza na nauli. Katika hesabu zinazofuata nimechukua dola moja kuwa Sh. 2,600 ili iwe rahisi kufuatilia. Wewe weka kiwango cha siku utakayolipa. Bei za vitu vya dukani ni makadirio ya kupangia bajeti, si za kwenda kumkaba nazo muuzaji.

Kipimo kinachopendwa kwa magari ni 1/24, yaani sentimita moja ya modeli ni sentimita 24 za gari lenyewe. Volkswagen Beetle yenye urefu wa mita 4.07 inakuwa sentimita 17. Land Rover 109, ambayo ni mita 4.44, inafika sentimita 18 na nusu. Kampuni nyingi za Marekani hutumia 1/25, na ukiziweka zote kwenye kabati moja hutaona tofauti mpaka ushike rula. Kipimo cha 1/43 kiache kwanza. Beetle inabaki chini ya sentimita 10, na kitasa cha mlango kinakuwa kama punje ya mtama.

Sasa gari gani? Kwa watu wa Korogwe na Handeni chaguo lina historia yake. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, hayakuwa ya Wakenya peke yao. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 njia zake zilishuka hadi Dar es Salaam na kupanda milima ya Usambara, na Korogwe iko miguuni mwa milima hiyo. Beetle ndiyo inayohesabiwa mshindi wa mwaka ule wa kwanza, na ilishinda tena 1954, 1957 na 1962. Tamiya wa Japani wanatengeneza seti ya Beetle 1300 ya mwaka 1966 kwa kipimo cha 1/24. Ni gari la kiraia, si la mashindano, na kwa anayeanza hiyo ni nafuu kubwa: bodi ya rangi moja, vipande vichache, na vipande vya Tamiya vina sifa ya kukaana bila kulazimishwa.

Anayetaka mshindi halisi wa Safari aelekee kwa Hasegawa, Wajapani vilevile. Wana Datsun 240Z, gari lililompa ushindi Edgar Herrmann mwaka 1971 na kisha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka 1973. Wana pia Mitsubishi Lancer 1600 GSR ya Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda nayo mwaka 1974. Hizi ni seti nzuri, lakini zinadai zaidi. Datsun ya Safari ni nyekundu yenye boneti nyeusi, kwa hiyo utaziba kwa tepu na kupuliza mara mbili, kisha ubandike stika za namba na za wadhamini. Stika hizi huloweshwa kwenye maji na kuteleza kutoka kwenye karatasi yake. Ikichanika moja, hakuna duka la vifaa vya ofisi Korogwe litakalokuokoa.

Ushindi ulio karibu zaidi na nyumbani ni wa Peugeot 404, kwa sababu Bert Shankland aliyeshinda nayo mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell alikuwa mkazi wa Tanzania. Kwa bahati mbaya 404 hupatikana zaidi ikiwa ya chuma iliyokwisha kuundwa na kupakwa rangi, kama zile za Norev wa Ufaransa. Ukiitaka hiyo, unanunua pambo. Kazi ya mikono imekwisha kufanywa na mwingine.

Kuna Land Rover. Ukitaja gari la zamani kwa mtu aliyekulia Ngombezi, Magunga au Mnyuzi, haoni gari la mashindano. Anaona Land Rover ya shamba la mkonge, imejaa vumbi, bampa limepinda. Italeri wa Italia na Revell wametoa 109 kwa kipimo cha 1/24. Vipande ni vingi kuliko vya Beetle, na chasisi yake inataka subira. Ila rangi yake inasamehe. Gari lisilong'aa, lililochakaa, unaweza kulipaka kwa brashi ya mkono na likapendeza, jambo ambalo hulithubutu kwenye mgongo wa Beetle.

Tuje kwenye pesa. Seti za 1/24 za kampuni hizi huuzwa nje kwa takriban dola 25 hadi 45. Tuchukulie umepata Beetle ya dola 30, na muuzaji anakudai dola 25 za kuituma kwa ndege. Jumla dola 55, sawa na Sh. 143,000. Kwenye mpangilio wa forodha modeli hizi zimo kundi moja na wanasesere na midoli, namba 9503. Ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa iliyokamilika ya namna hii ni asilimia 25, na unapigwa juu ya bei pamoja na usafiri. Juu ya jumla hiyo inakuja VAT ya asilimia 18. Dola 55 zinakuwa 68.75, kisha zinakuwa 81 na senti kidogo. Kwa shilingi ni karibu 211,000, na hapo sijaweka tozo ndogo ndogo za forodha wala za wakala. Seti ya Sh. 78,000 imekufikia kwa zaidi ya mara mbili na nusu ya bei yake.

Namna ya kupunguza ni mbili. Ya kwanza ni kuchanga mzigo. Gharama ya kutuma haipandi mara tatu kwa sababu tu boksi lina seti tatu, kwa hiyo watu watatu wa Korogwe, Handeni na Muheza wakiagiza pamoja wanagawana sehemu kubwa ya zile dola 25. Ya pili ni wakala wa mizigo wa China au Dubai, wale wanaowaletea wafanyabiashara wa Kariakoo. Kwa ndege hutoza kwa kilo, kwa meli hutoza kwa ujazo. Seti moja huwa haifiki kilo moja, kwa hiyo kwa ndege haiumizi. Wa meli atakusubirisha wiki kadhaa, lakini ana faida moja ambayo wengi huigundua wakiwa wamekwisha kulipa.

Faida yenyewe ni hii: rangi za makopo ya kupuliza na gundi ya plastiki ni vitu vinavyoshika moto, na kanuni za posta na za ndege za abiria haziviruhusu. Usimwombe shemeji anayerudi kutoka Dubai akuwekee kopo la rangi kwenye begi. Litatolewa uwanja wa ndege. Muuzaji mwaminifu wa Japani atakutumia seti na kukuambia wazi kuwa rangi na gundi hatumi. Kwa hiyo anayepanga kununua kila kitu cha kampuni moja, kama maelekezo ya ndani ya boksi yanavyotaka, lazima apitishe sehemu ya mzigo melini. Rangi zenyewe si rahisi. Kopo la praima, makopo mawili ya rangi, kopo la klia (vanishi ya tabaka la juu), vichupa sita vya rangi za ndani, gundi na koleo la kukatia vipande vinaweza kufika dola 73, karibu Sh. 190,000, kabla ya usafiri na ushuru. Ukijumlisha na seti umevuka Sh. 400,000 kwa gari la kukaa juu ya meza.

Hapa ndipo ninapotofautiana na maelekezo ya boksi. Rangi ipo Korogwe. Ipo kwa wauza rangi za magari na kwa mafundi wa gereji, na kwa kazi hii inatosha, mradi ujue inachoifanya plastiki.

Seti hizi zimetengenezwa kwa polistirini, plastiki ngumu inayoyeyuka haraka kwenye thina. Rangi ya gari imeundwa kwa ajili ya bati. Ukiimwaga kwenye bodi tupu, thina inaila plastiki kabla ya kukauka: uso unakunjamana, unatoa nyufa nyembamba kama nywele, na mistari ya milango inajifuta. Hakuna msasa utakaoirudisha bodi hiyo. Dawa yake ni tabaka jepesi. Anza na praima, puliza kwa mbali, sentimita 25 hivi, kiasi cha vumbi tu la rangi ambalo bado linaonyesha plastiki chini yake. Subiri dakika kumi au kumi na tano. Rudia. Tabaka la tatu au la nne ndilo linaloziba kabisa. Praima ikikauka usiku kucha na kupigwa msasa wa maji namba 1000, inakuwa ngao, na rangi ya gari ikija juu yake vilevile kwa matabaka mepesi haiifikii plastiki.

Kabla ya kugusa bodi, jaribu kwenye fremu, ile miti ya plastiki inayobaki baada ya kukata vipande. Ni plastiki ileile na ungeitupa. Fremu zikiisha, nunua vijiko vya kutupa vya plastiki, vile vigumu. Kipinde kimoja: kikikatika kwa mlio mkavu, kuna uwezekano mkubwa ni polistirini, kikijikunja bila kukatika, ni plastiki nyingine na hakitakuambia kitu. Piga msasa mgongo wa kijiko, puliza praima, puliza rangi, kiache juani saa moja, kisha kikwaruze kwa ukucha. Rangi ikitoka vipande vipande, hukupiga msasa vya kutosha. Ukucha ukizama, thina bado imo ndani. Umbo la mgongo wa kijiko linakuonyesha pia rangi itakavyotiririka kwenye mapaja ya Beetle, na kwa shilingi chache hakuna jaribio bora.

Kuna mtego katika kuchanganyiwa rangi. Muuza rangi za magari anapima kwa mizani, tone la njano, tone la nyeusi, anakoroga na kukupakia kidogo kwenye kifuniko. Akikuuliza unataka kiasi gani, jibu la kweli ni mililita 50, ambazo zinatosha bodi moja ya 1/24 na kubaki. Wengi hawauzi chini ya robo lita. Basi chukua robo lita na uhesabu kuwa umenunua rangi ya modeli tatu au nne, au tafuta mwenzako wa kugawana. Ukikosa, kopo la kawaida la kupuliza la dukani linafaa kwa rangi za wazi kama nyeupe, nyekundu na nyeusi. Zile za kung'aa kama metali nimeziona zikiwa na chembe kubwa mno kwa gari la sentimita 17. Linatoka kama limenyunyiziwa mchanga wa fedha.

Njia ya bei rahisi kuliko zote ni fundi rangi wa gereji. Mkute siku anapopiga gari la rangi unayoitaka. Rangi iliyochanganywa na hadina, ile dawa ya kuigandisha, haiwekwi mpaka kesho, inaganda, kwa hiyo ile inayobaki kwenye bomba inakwenda kumwagwa. Kwa hela ya soda na maelewano anakupulizia bodi yako. Tatizo ni kwamba bomba lake lina tundu la milimita 1.3 au 1.4, wakati brashi ya hewa ya modeli ina tundu la 0.2 au 0.3. Mwambie apunguze upepo na rangi, asimame mbali, na apite mara moja tu kila tabaka. Fundi mwenye haraka atakuzibia mistari yote ya milango kwa mpito mmoja. Na usisimame karibu naye bila kinga: rangi za hadina zina kemikali zinazoweza kuleta pumu, na barakoa ya kitambaa haizizuii.

Hali ya hewa nayo ina bei yake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, Korogwe ina unyevu mwingi, na rangi ya thina ikipulizwa kwenye unyevu hukauka na ukungu mweupe juu yake. Handeni, iliyo juu zaidi na kavu zaidi, ina nafuu hapo ila ina vumbi. Penye vumbi puliza asubuhi kabla upepo haujaanza, mwagia maji sakafu ya mahali unapofanyia kazi, kisha funika bodi kwa beseni safi lililoinuliwa upande mmoja kwa kijiti ili hewa ya thina itoke. Beseni hilo ni mbadala wa sanduku la kukaushia ambalo maduka ya nje yanauza kwa makumi ya dola.

Kwenye gundi, kinyume chake, sikushauri kubana matumizi. Gundi ya plastiki inayeyusha kingo mbili na kuzifanya kipande kimoja. Supa gluu inashika juu juu tu, inavunjika gari likianguka, na moshi wake unaacha weupe kwenye vioo usiotoka. Kwa hiyo chupa moja ya gundi halisi, dola tano hivi, ndiyo kitu cha kwanza cha kupitisha melini, na inamaliza modeli kadhaa. Wapo wanaotumia thina ya selulosi kwa brashi nyembamba. Inashika kweli, lakini inachuruzika kwenye viungo na kuharibu uso. Iruhusu kwenye chasisi, mahali pasipoonekana. Vioo vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani.

Vitu vidogo havina haja ya kuagizwa. Kikata kucha kinafanya kazi ya koleo kwa sehemu kubwa. Rangi ya kucha nyekundu inapendeza kwenye taa za nyuma, mradi plastiki imepata praima au tayari ina rangi. Karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, ikilainishwa kwa kijiti na kubandikwa kwa gundi nyeupe, inatoa kioo cha pembeni kinachong'aa kuliko rangi yoyote ya fedha. Kwa Land Rover, vumbi la kuchafulia gari huuzwa nje kwenye vichupa, kama dola tano kimoja. Udongo mwekundu wa Handeni hauuzwi. Ukaushe, utwange, uchekeche kwa kitambaa cha soksi ya nailoni mara mbili, maana chembe inayoonekana kwa macho ni jiwe kwa gari la 1/24. Upake kwa brashi kavu kwenye matairi na chini ya milango.

Baina ya miji hii miwili, Korogwe ina nafasi bora ya kununulia. Iko kwenye barabara kuu ya Dar na Arusha, mzigo unashushwa na basi, na mahali penye magari mengi pana mafundi na rangi. Kutoka Handeni ni kilomita 65. Safari hiyo haistahili kwa ajili ya kopo moja la klia, kwa hiyo wa Handeni aandike orodha kamili na anunue kwa mkupuo, akiweka makopo mawili ya praima badala ya moja. Praima ndiyo inayoisha kwanza siku zote.

Hesabu ya njia ya rangi ya Korogwe basi: seti iliyofika Sh. 211,000, gundi Sh. 13,000, misasa 5,000, praima 10,000, rangi 18,000, klia 10,000, kikata kucha, kisu cha karatasi na tepu 6,000, brashi 3,000, rangi za kucha 4,000, gundi nyeupe 3,000. Jumla Sh. 283,000, pungufu ya njia ya kwanza kwa zaidi ya laki moja. Gari la pili linashuka tena, kwa kuwa vifaa unavyo.

Kwa asiye na hiyo laki mbili na themanini, ipo njia ya chini kabisa. Nunua sokoni gari la kuchezea la Kichina la Sh. 10,000 hadi 20,000, lifungue, lisugue, lipake upya. Halitakuwa sahihi kwa vipimo, na vioo vyake mara nyingi ni vyeusi. Lakini praima, msasa na subira ni vilevile, na ukiharibu hulii. Watoto wanaounda malori kwa waya na makopo na kuyawekea matairi ya ndala hawatumii hata hiyo, na baadhi ya malori yao yana usukani unaokata kona kweli, jambo ambalo seti nyingi za laki mbili hazilifanyi.

Uamuzi wangu: anza na gari la sokoni kwa mazoezi, kisha Beetle ya Tamiya kwa rangi ya Korogwe. Datsun na Lancer ziwe za tatu, mkono ukishazoea tepu na stika. Land Rover ni ya yule ambaye hapendi kupuliza kabisa.

Na kabla ya kutuma pesa, mwombe muuzaji picha ya karatasi ya stika. Seti za zamani zinazouzwa kwa punguzo mara nyingi stika zake zimegeuka njano. Hizo zinaweza kung'arishwa kwa kuzibandika dirishani zipigwe na jua kwa siku kadhaa, na jua Handeni halina bei. Ila kama picha inaonyesha zimepasuka, usinunue.